Rimoti ya gari na mlango wa buti unaojifungua: namna ya kuishi navyo Arusha na Moshi

Magari mengi yanayofika Kaskazini siku hizi hayana ufunguo wa kuzungusha. Harrier, X-Trail, CX-5, Forester: rimoti inabaki mfukoni, unagusa kitasa mlango unafunguka, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inawaka. Mengine hufungua hata mlango wa buti ukipitisha mguu chini ya bampa. Shida huanza siku gari linapokataa, ni usiku, uko Boma Ng'ombe, na hujui kwamba ndani ya rimoti uliyoishika kuna ufunguo wa chuma. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na zoezi la kufanya nyumbani kabla hujakwama.

Zoezi la nusu saa

Lifanye mchana, gari likiwa limezimwa. Shusha kioo cha dereva kwanza, usije ukajifungia nje.

1. Toa ufunguo wa chuma. Rimoti nyingi zina kitufe kidogo cha kusukuma, pembeni au mgongoni. Kishikilie huku ukivuta upande wenye pete. Ukikuta nafasi ipo lakini chuma hakimo, na hutokea kwa magari ya mtumba, nenda kwa fundi funguo mapema. Akiwa na kitasa cha mlango wa dereva mkononi anaweza kukuchongea.

2. Tafuta tundu la ufunguo kwenye mlango wa dereva. Kama hulioni, limefunikwa na plastiki mwishoni mwa kitasa. Chini ya kifuniko hicho kuna kijipenyo. Ingiza ncha ya ufunguo, inua taratibu, kifuniko kitatoka. Sasa funga na ufungue mara tatu. Kitasa ambacho hakijaguswa miaka kumi, na vumbi letu hili, huwa kizito. Weka unga wa grafiti au dawa ya kupuliza ya silikoni. Oili ya injini usiweke, maana inashika vumbi na kugeuka tope.

3. Toa betri ya rimoti kabisa, kaa kwenye usukani, kanyaga breki, kisha gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwasha. Kwa Toyota, upande wa rimoti wenye nembo ndio uguse kitufe. Kwa Mazda ni upande wa mgongo. Ukisikia mlio, au taa ya kitufe ikibadilika, una sekunde chache tu, kwa hiyo bonyeza kitufe papo hapo huku mguu ukiwa bado kwenye breki. Baadhi ya magari ya Ulaya yana alama pembeni ya nguzo ya usukani au kijisanduku maalumu cha kuwekea rimoti, na kitabu cha gari kinaonyesha mahali.

Gari likiwaka bila betri ya rimoti, umeshaondoa nusu ya hofu. Jambo moja zaidi: ukifungua kwa chuma gari lililofungwa kwa rimoti, alamu inaweza kulia. Endelea tu na utaratibu wa kuwasha, itanyamaza injini ikishawaka.

Gari na rimoti zinavyoongea

Ukielewa hapa, utajua kilichoharibika kabla hujamlipa mtu. Gari hurusha wimbi la chini, la kilohezi 125 hadi 134, kutoka kwenye antena zilizofichwa milangoni, ndani na karibu na bampa la nyuma. Wimbi hilo hufika mita moja hivi tu. Rimoti ikilisikia huamka na kujibu kwa wimbi la juu: takriban megahezi 315 kwa magari ya Japani na Marekani, 433.92 kwa ya Ulaya. Ukibonyeza kitufe cha rimoti, wimbi la juu peke yake ndilo hutumika, ndiyo maana hufika mbali. Njia ya tatu ni kijichipu ndani ya rimoti ambacho hakihitaji betri, kwa kuwa hupata umeme kutoka kwenye koili iliyozunguka kitufe cha kuwashia. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi kwenye hatua ya 3.

Kwa hiyo, vitufe vikifanya kazi kutoka mbali lakini kitasa hakikuitikii, usikimbilie kulaumu betri. Kikigoma kitasa kimoja tu, tatizo liko kwenye sensa au antena ya mlango huo. Vikigoma vyote, angalia kama mfumo umezimwa kwenye mipangilio ya gari, au rimoti imebanana na simu. Rimoti na simu zisikae mfuko mmoja. Ziachanishe angalau sentimita 10. Na kama umbali wa vitufe umepungua kutoka mita 20 hadi hatua tatu, hapo betri inaisha. Rimoti ikigoma mahali pamoja tu, kwa mfano chini ya mnara wa redio au karibu na uwanja wa ndege, na ukisogea inafanya kazi, haina ubovu. Mawimbi ya eneo hilo yanaifunika.

Kuna kosa moja ambalo barabara ya Arusha hadi Moshi inalipenda. Injini ikishawaka, gari halizimiki rimoti ikitoka. Litalia na kuonyesha taa, lakini litaendelea kutembea. Mume anashuka njiapanda ya uwanja wa ndege wa KIA na rimoti iko kwenye koti lake, mama anaendelea na safari, anazima gari kituo cha mafuta Moshi, na gari haliwaki tena. Ukisikia mlio abiria anaposhuka, simama hapo hapo mwulize rimoti iko wapi.

Betri ya rimoti

Namba ya betri inajieleza yenyewe. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2025 ina unene wa milimita 2.5, CR1632 ni nyembamba kwa upana, milimita 16. Fungua rimoti usome namba iliyomo, usiende dukani kwa kukisia. Fundi saa na maduka ya vifaa vya umeme mjini huwa nazo.

Kufungua: ukishatoa ufunguo wa chuma, utaona kijipenyo pale ulipokuwa. Funga ncha ya bisibisi bapa kwa kitambaa chembamba, ingiza, zungusha kidogo mpaka usikie "tak". Usitumie kisu, kitachuna plastiki na huenda kikafika kwenye bodi. Kabla ya kutoa betri ya zamani, angalia upande wa alama ya kujumlisha umeelekea wapi, au piga picha. Shika betri mpya kwa ukingoni, si kwenye nyuso zake, na uifute kwa kitambaa kikavu. Baadhi ya betri zimepakwa utando mchungu ili mtoto aziteme, na utando huo unaweza kuzuia umeme kupita, hivyo futa vizuri.

Makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni kuweka CR2025 mahali pa CR2032 na kujazia kwa karatasi ya fedha ya sigara. Itafanya kazi mezani, kisha barabara ya maramu itaitikisa na rimoti itakufa na kufufuka bila mpangilio. La pili ni kuweka LIR2032, ile ya kuchaji, ambayo ikijaa inafika volti 4.2 wakati rimoti imetengenezwa kwa volti 3. La tatu ni kununua betri iliyolala dukani miaka mingi. Soma tarehe kwenye pakiti, na kama fundi ana mita, ipime: mpya huwa juu ya volti 3, hivi 3.2. Ikisoma chini ya 2.9, mrudishie.

Betri hudumu mwaka 1 hadi 2, hata kama gari hulitumii, kwa sababu rimoti inasikiliza muda wote. Itaisha mapema zaidi ukiiweka karibu na televisheni, kompyuta, chaja ya simu au jiko la umeme la induksheni. Iweke mbali nazo mita moja. Kama skrini ya gari lako inaandika Kijapani, kariri alama mbili: 電池, maana yake betri. Ukiziona pamoja na キー, yaani ufunguo, gari linakuomba ubadilishe betri ya rimoti. Wengi huzima ujumbe huo kila asubuhi kwa miezi miwili bila kujua unasema nini.

Betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba amemeza, mkimbize hospitali bila kusubiri dalili.

Betri kubwa ya gari

Kitaa cha rimoti kikiwaka lakini gari halijibu chochote, taa za ndani hafifu au hakuna kabisa, betri ya volti 12 imelala. Ikiwa imepumzika, betri iliyojaa husoma volti 12.6, 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 imekwisha. Injini ikiwaka unataka kuona 13.8 hadi 14.5. Ingia kwa ufunguo wa chuma, vuta kishikio cha boneti (hicho ni cha waya, hakihitaji umeme), kisha busti kama kawaida: chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma kitupu cha gari lililolala.

Kwenye Prius nyingi na hybrid nyingine kadhaa, betri hiyo iko nyuma, na mlango wa nyuma unafunguliwa kwa umeme. Betri imelala, mlango haufunguki, na betri iko nyuma ya mlango huo. Kwa Prius fungua boneti, kwenye sanduku la fyuzi kuna nguzo yenye kifuniko chekundu. Bana waya chanya hapo. Na ukifika wakati wa kununua betri mpya ya hybrid inayokaa ndani ya gari, nunua ile iliyofungwa yenye bomba la kutolea gesi nje. Usikubali kufungiwa ya maji ya kawaida kwa sababu tu inaingia.

Kwenye magari mengi, mlango wa buti ukigoma, laza viti vya nyuma, tambaa mpaka mlangoni, tafuta kifuniko kidogo cha plastiki chini katikati upande wa ndani. Kibandue kwa bisibisi bapa, ndani kuna kijiti cha kusukuma. Kisukume, mlango utaachia. Ongeza hili kwenye zoezi lako la nyumbani.

Mlango wa buti wa umeme

Kwanza hakikisha swichi kuu imewashwa. Baadhi ya Toyota huiweka kwenye droo ya abiria au chini ya dashibodi kulia kwa usukani, na mtu akiibonyeza kwa bahati mbaya mlango unakuwa wa mkono. Magari kadhaa yameenda gereji kwa ajili ya swichi hii tu.

Sensa ya mguu ni waya au tepe mbili ndani ya bampa, moja ya juu inayotambua muundi, nyingine ya chini inayotambua unyayo. Gari linataka kuona vyote viwili vikija na kuondoka kwa pamoja, ndipo lijue ni mguu wa mtu wala si paka anayepita. Hatua ni hizi:

1. Gia iwe P, rimoti iwe mwilini mwako, wewe uwe nyuma ya gari. Rimoti ikiwa kwenye pochi kiti cha mbele, haitasikika.
2. Simama wima, wastani wa nusu mita kutoka kwenye bampa, katikati. Baadhi ya magari sensa iko karibu na kona, na kitabu kinaonyesha.
3. Peleka mguu mbele chini ya bampa kama unayepiga mpira taratibu, urudishe kwa njia ile ile, yote ndani ya sekunde moja hivi. Usifagie kushoto na kulia, usiuache chini.
4. Rudi nyuma hatua moja, subiri mlio. Ukipiga tena haraka kwa kukosa subira, unausimamisha mlango ulioanza kufunguka.

Baadhi ya Hyundai na Kia hazina teke: unasimama nyuma na rimoti kwa sekunde 3 hivi, mlango unafunguka wenyewe. Ndiyo sababu ukisimama kupiga stori nyuma ya gari la aina hiyo, buti hufunguka bila kuitwa.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, tope la Ngaramtoni au la barabara za juu Kibosho likigandamana chini ya bampa, sensa inakuwa kipofu. Ioshe kwa maji na sifongo, ikauke, ujaribu tena kabla ya kuita fundi. Ikigoma hata ikiwa safi, uliza kama gari liliwahi kugongwa nyuma. Bampa hurudishwa na kupakwa rangi vizuri kabisa, lakini kisoketi cha sensa kimesahauliwa kikining'inia ndani. Bomba la chuma la kukinga bampa na ndoano ya kuvutia tela nazo huvuruga sensa. Kama unazihitaji kwa kazi, tumia kitufe na usahau mguu.

Ukipeleka gari kuoshwa, zima sensa ya mguu au kaa na rimoti mbali mita kadhaa. Maji ya presha yakipiga bampa wakati rimoti iko mfukoni mwa mwoshaji, mlango unapanda na maji yanaingia kwenye buti. Vitasa vya kugusa navyo hufunguka na kujifunga kwa maji ya namna hiyo.

Urefu wa kufunguka urekebishe kama gereji yako ina dari fupi au unapaki chini ya turubai. Fungua mlango, usimamishe pale unapotaka, kisha bonyeza na kushikilia kitufe kilicho kwenye ukingo wa mlango kwa sekunde 3 hadi 5 mpaka ulie. Funga, fungua, uone kama umekumbuka.

Baada ya kubadilisha betri kubwa, mara nyingi mlango husahau mwanzo na mwisho wake, unakwama nusu au hauitikii kabisa. Ufunge kwa mkono mpaka ushike kabisa. Kisha ufungue kwa kitufe mpaka mwisho bila kuusimamisha, ufunge tena kwa kitufe. Usiubamize, kwa sababu sentimita ya mwisho huvutwa na mota ndogo ndani ya kitasa, na kubamiza kila siku kunaiua. Vivyo hivyo usiushindilie kwa mkono mota ikiwa inatembea. Meno yake ni madogo.

Mlango ukishuka kidogo kisha ukarudi juu, umekutana na kitu. Tazama mizigo: mkungu wa ndizi wenye kikonyo kilichotokeza sentimita mbili unatosha. Geuza kikonyo kielekee ndani. Kinga hii ya kutobana ni nzuri lakini usiitegemee kwa watoto, na usiipime kwa kidole. Ukitaka kuipima tumia taulo iliyokunjwa.

Mlango ukishindwa kukaa juu, shokapu zake zimechoka. Dalili ya kwanza huonekana asubuhi za baridi za Juni na Julai, kwa sababu gesi iliyopoa hupungua nguvu. Mchana mlango unakaa, asubuhi unakugonga kichwa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, namba ya sehemu ikiwa ile ile, na usimruhusu mtu kutoboa ya zamani kwani ndani kuna presha kubwa. Magari yenye mota yana fimbo yenye springi badala ya gesi, upande mmoja au pande zote, na hizo ni ghali. Ukipaki kwenye mteremko pua ikiwa juu, mlango huelekea kushuka wenyewe. Ukiweza geuza gari kabla ya kushusha mzigo.

Wizi

Njia mbili zinajulikana. Ya kwanza, mtu anarusha mawimbi ya kufunika rimoti yako wakati unabonyeza kufunga. Unaondoka, gari liko wazi. Dawa yake ni kutazama na kusikiliza: indiketa zimewaka mara moja, vioo vya pembeni vimekunja, vitasa vimelia. Kuvuta kitasa huku rimoti iko mfukoni si kipimo kizuri, kwa kuwa gari litakufungulia. Mwombe mwenzako avute wakati wewe umesogea mita tatu.

Ya pili, watu wawili wenye vifaa: mmoja karibu na gari, mwingine karibu na ukuta wa chumba ilipo rimoti, wanarefusha lile wimbi la mita moja. Weka rimoti kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, kisha pima: nenda nalo mpaka kwenye gari, gusa kitasa. Kikifunguka, kopo halifai. Toyota nyingi zina njia nyingine: shikilia kitufe cha kufunga na, huku umekishikilia, bonyeza cha kufungua mara mbili. Kitaa cha rimoti kitawaka mara 4, na rimoti italala mpaka ubonyeze kitufe chochote. Hii inaokoa betri pia, inafaa rimoti ya akiba iliyoko kabatini.

Rimoti ya pili

Gari la mtumba mara nyingi huja na rimoti moja. Tengeneza ya pili wakati ile moja bado inafanya kazi. Ikipotea pekee iliyopo, fundi hana cha kuanzia, na kwa Toyota nyingi italazimu kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya ulinzi au kuibadilisha. Kazi hiyo ni kubwa, na gari litakuwa limelala pale lilipo. Kabla ya kulipa, fungua rimoti yako upige picha ya bodi. Namba iliyoandikwa pale, kwa Toyota nyingi inaanza na 271451 au 281451, ndiyo inayotakiwa kufanana, wala si umbo la nje. Ya pili ifanane pia kwa mawimbi, kwa maana rimoti ya 433 haitaongea na gari la 315 hata ikiwa na sura ile ile. Rimoti iliyotumika kwenye gari jingine haiandikwi tena mpaka ifunguliwe kwa mashine. Mwulize fundi kama atafanya hivyo au anakuuzia mpya. Asikabidhiwe pesa yote mpaka umejaribu rimoti mpya kwa vitufe, kwa kitasa, kwa kuwasha, kwa buti, na bila betri kwenye kitufe cha kuwashia, na umejaribu tena ile ya zamani, kwa sababu uandikishaji mbovu unaweza kuifuta.

Rimoti ikitumbukia kwenye maji, toa betri mara moja bila kubonyeza chochote. Kama ni maji ya tope au soda, isuuze bodi kwa maji safi, kisha kwa alkoholi ya isopropili kwa mswaki laini. Iache wazi kivulini, penye upepo, siku moja hadi mbili. Juani juu ya dashibodi plastiki inapinda na vitufe havirudi. Ikikauka, weka betri mpya.